Mvua Ilipoingia Kisimani, Waliniita Mulozi

Sifa zote ni za Bwana, ndugu zangu! Ninyi mnaonijua, na ninyi mnaoniona leo kwa mara ya kwanza, amani iwe kwenu. Mimi ni Mama Philomène wa Naviundu, kule karibu na mto. Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa reli. Aliniachia nyumba ndani ya lupango wa familia: uwanja mmoja, nyumba tatu, kisima kimoja. Nyumba ya mbele anakaa mdogo wake, shemeji yangu Anaclet, na mke wake. Ya katikati anapanga Mama Jolie, muuza samaki wa Kasenga. Ya nyuma ni mimi, binti yangu na mjukuu wangu Grâce.

Mwaka ule joto lilitukamata vibaya. Sisi wa Lubumbashi tunalijua jua la mwezi wa kumi, na tunajua kwamba mvua huja kutupoza. Safari hii ilikawia. Vumbi jekundu liliingia mpaka ndani ya sufuria, watoto wakakohoa, kisima kikashuka hadi tukawa tunateka tope. Tukaomba mvua hapa hapa kanisani, mnakumbuka. Ndugu zangu, ilipokuja haikunyesha, ilimwagika! Mto ukapanda ukaingia kwetu. Watoto tuliwasimamisha juu ya meza. Choo chetu kilikuwa jirani na kisima, kikabomoka, na maji yote yakawa maji mamoja.

Maji yalipoondoka tulimshukuru Mungu. Kisima kilikuwa kimejaa! Baada ya miezi ya tope, maji yalionekana meupe, ya baridi. Tukanywa.

Mtoto wa Mama Jolie, Junior, alianza kuharisha na kutapika asubuhi. Asubuhi hiyo nilikuwa nimempa karanga kidogo, kama kawaida yangu. Jua halijazama, alikuwa amekwisha kutuacha. Sina maneno ya kueleza kilio cha siku ile. Tulipotoka kumzika, Grâce wangu naye akaanguka. Nilimfunga mgongoni nikakimbia naye kituo cha afya. Wakamtundikia maji, akapona. Munganga wa pale, mama mmoja mpole, aliniambia ni kolera, ugonjwa unaotoka katika maji machafu. Akanifundisha kuchemsha maji ya kunywa, na kutengeneza maji ya sukari na chumvi ya kumpa mgonjwa njiani asikauke.

Nilirudi na furaha ya kuwaambia wenzangu. Kumbe mioyo ilikuwa imekwisha kufungwa. Anaclet alinisubiri uwanjani pamoja na majirani.

“Shemeji, Junior alikula karanga ku mukono yako. Akakufa. Wa kwako akapona. Sasa unataka bantu baseme nini?”

“Ni maji, shemeji. Munganga amesema ni maji ya kisima.”

“Maji tunakunywa bote! Maji inajua kuchagua muntu?”

Mtu akasema neno lile nyuma yangu: mulozi, mchawi. Ndugu zangu, kama hujapata kuitwa hivyo, usiombe. Wale niliowafundishia watoto wao kutembea waliwavuta watoto hao ndani. Nikisema “chemsheni maji”, walisikia uchawi. Anaclet alikataza watu wa nyumba yake kupokea chochote kutoka kwangu, hata moto wa jikoni. Akanipa mpaka Jumapili niwe nimeondoka. Kila asubuhi alikuwa anateka maji mwenyewe, anakunywa pale pale mbele yangu, ili nione kwamba hakuna kitu kinachopita mikononi mwangu.

Nilifunga nguo zangu niende kwa dada yangu kule Kasomeno. Kuomba nilishindwa. Rozari ilikuwa mkononi, maneno hayaji. Nilisema tu: “Bwana, unaona.”

Basi nikiwa bado nafunga, nikasikia mke wa Anaclet anapiga kelele. Nilitoka. Shemeji yangu alikuwa chini karibu na mlango wake, macho yameingia ndani, miguu imekakamaa. Majirani walisimama mbali. Njia ilikuwa matope matupu. Vijana walikimbia kutafuta pikipiki. Mimi nilikuwa na maji niliyochemsha. Nikachanganya sukari na chumvi kama nilivyofundishwa, nikaja na kikombe. Nikanywa kwanza mimi, wote wanaona.

“Usimupe! Atamumaliza!” mtu akapaza sauti. Mke wa Anaclet akasimama kati yetu.

Hapo ndipo Bwana alipofungua kinywa ambacho sikukitazamia. Mama Jolie! Alikuwa hajasema neno tangu mazishi. Alitoka nyumbani kwake na kitambaa cha kilio kichwani.

“Muache anywe,” alisema. “Huyu baba hakukula kitu ya huyu mama. Alikunywa maji ya kisima tu. Na Junior wangu… ile asubui alianza kutapika mbele ya kupewa karanga; karanga ilikuja nyuma. Nilijua. Nilikuwa natafuta tu muntu wa kutupia hii kilio yangu.”

Akakaa chini kwenye matope, akalia upya. Mke wa Anaclet akasogea. Nikamwinua kichwa shemeji yangu. Alinitazama sana, halafu akanywa. Kidogo kidogo, mpaka pikipiki ikafika.

Alipona. Utukufu kwa Mungu, alipona! Alirudi kutoka kituo cha afya. Alikuja mlangoni kwangu, akatazama mzigo wangu, akasema: “Mama, usiende Kasomeno.” Mama. Hakuniita shemeji tena.

Munganga naye alifika kutazama kisima. Alituambia: “Zamani mvua ilikuwa inakuja pole-pole, udongo unakunywa. Sasa inakawia, udongo unakauka sawa tofali, kisha inakuja yote mara moja. Maji inakosa fasi ya kwenda, inabeba uchafu, inawaletea. Muzoee kujilinda, sababu itarudi.”

Ndugu zangu, leo sipigi vigelegele kama wengine wanaposhuhudia. Mimi nimeokolewa, na Mama Jolie amekaa pale ananisikiliza bila mtoto wake. Nimemuuliza kama naweza kusema haya, amekubali. Ninachojua ni hiki: nilipokosa hata sala, Bwana aliona. Alinitetea kwa kinywa cha mama mwenye uchungu kuliko wangu. Wewe unayesemwa vibaya leo, usimwache Bwana. Anaona! Na ninyi, ugonjwa ukiingia nyumbani baada ya joto na mafuriko, msikimbilie kumtazama mwanamke mzee usoni. Tazameni maji mnayokunywa.

Mawingu yameanza tena kukusanyika. Kesho baada ya misa tunachimba choo kipya, mahali pa juu, mbali na kisima. Anaclet ameanza kupima. Mwenye jembe aje nalo, na asiye nalo aje na mikono yake. Amina.