Kefa Mwalongo, Aliyejifunza Kuwauliza Waliobaki Nyumbani

Tarehe 30 Juni 1960 Bwana Kefa Mwalongo anastaafu, baada ya kulitumikia gazeti letu la wakulima wa pareto kwa miaka ishirini na miwili. Alianza hapa Njombe akiwa mpanga herufi, akapanda hadi kuwa mwandishi, na leo hakuna njia kati ya Wanging'ombe na Mlangali ambayo baiskeli yake haijapita. Tunaagana naye kwa fahari, ingawa roho zinatuuma.

Waliokuja kazini karibuni wanamjua kwa kubashiri uchaguzi. Kila mwaka, kabla wanachama hawajamchagua mwenyekiti wa chama cha wakulima, Kefa huzunguka akiwauliza watampa nani kura, kisha gazeti hutangaza atakayeshinda. Sisi wa zamani tunakumbuka mwaka 1955, na mwenyewe hakatazi tuutaje.

Mwaka ule walishindana Sila Mgaya wa Makambako, mwenye lori, na Enoki Sanga wa Ipelele, mkulima mpole aliyeahidi kujenga tanuri la kukaushia maua ya pareto huko juu milimani. Kefa alipiga kambi Makambako, njia panda, ambako watu wa kila pembe hupita, akawauliza wanaume hadi sauti ikamkauka. Karibu wote walimtaja Sila. Tukachapa kwa herufi nene kwamba Sila ndiye mwenyekiti mpya.

Enoki alishinda kwa kishindo. Sila, ambaye alikwisha kuchinja ng'ombe, aliwalisha nyama watu waliomnyima kura.

Kosa lilikuwa wazi mno. Wanaume wale walikuwa Makambako wakisubiri malori ya kuwapeleka Tanga kwenye mashamba ya mkonge, na siku ya kura walikuwa huko wakikata mkonge. Nyumbani walibaki wake zao, waliochuma maua, wakayakausha na kuyabeba kichwani hadi ghalani. Na mwaka huohuo chama kilikuwa kimeamua kwamba anayeleta maua ndiye mwanachama, na ndiye mpiga kura. Habari hiyo iliandikwa gazetini na nani? Na Kefa huyuhuyu.

Mhariri wetu, Bwana Marcelino, mtu asiyejua mzaha, alitaka kumwachisha kazi siku ileile. Kefa, aliyekuwa na watoto shuleni, aliomba apewe uchaguzi mmoja tu. Akikosea tena, ataondoka mwenyewe. Jioni alimweleza mkewe, Bi Zipora, ambaye naye ana shamba lake la pareto. Bi Zipora alimjibu kwamba angeweza kumwambia mapema kuwa Enoki atashinda, ila hakuna aliyemwuliza. Kefa hupenda kusimulia jibu hilo kuliko sifa zake zote.

Mwaka uliofuata hakukanyaga Makambako. Alipanda Ipelele kwa baiskeli, iliposhindwa akaisukuma, akaketi na akina mama kwenye baridi ya asubuhi wakichambua maua. Kikinga chake, lugha ya huko milimani, ni cha kuombea maji tu. Walimcheka sana, lakini walimwambia. Tanuri la Enoki lilikuwa bado maneno matupu. Lori la Sila, ambaye kipigo kilimfunza adabu, lilikuwa likiwabebea mizigo hadi ghalani. Ofisini sote tuliapa kwamba Enoki atarudi, maana wanawake ni watu wake. Kefa akaandika Sila. Mhariri alichapa huku akinung'unika, nasi tukaanza kumhurumia mwenzetu.

Sila alishinda. Asubuhi ile Bwana Marcelino, ambaye siku zote hungoja kuamkiwa, alitangulia kumwambia Kefa "Kamwene", kwa Kibena, mbele ya ofisi nzima. Tangu hapo hakuna mwandishi wetu anayebashiri kura kabla ya kufika shambani, na akina mama wa milimani hutuita gazeti lao. Hiyo ni kazi ya Kefa, nasi tunajivuna nayo.

Juzi tulipokaa kupanga zawadi, hakuna aliyebisha: baiskeli mpya. Tulikuwa tumekwisha kukubaliana ndipo tukashtuka, tukaenda kumwuliza Bi Zipora. Alisema baiskeli nyingine haitaki hata ya bure, kwa kuwa ile ya kwanza imemchukua mumewe miaka yote hii. Alitaka viti viwili vya kuegemea, vya kuweka barazani.

Kefa, viti viko tayari. Asante kwa kazi yako, na Mungu akupe miaka mingi yenye afya na furaha. Kila asubuhi, kabla hujamwuliza mtu mwingine lolote, mwulize kwanza aliyeketi kiti cha pili.

Odilo, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako