Hiyo Usitafsiri: Wasifu wa Ndugu Perpetua Kokushubila

Tarehe 30 Juni 1976 Ndugu Perpetua Kokushubila anastaafu, baada ya kukitumikia Chama kwa miaka kumi na tisa akiwa mkalimani wa mikutano yetu ya hadhara, hapa Bukoba mjini na upande wote wa Muleba. Kama umewahi kukaa kwenye nyasi ukamsikiliza mgeni akimwaga Kiswahili cha Dar es Salaam, halafu ukaelewa, aliyekufanya uelewe ni yeye.

Alizaliwa Izigo, katika kibanja cha baba yake, kati ya migomba na mibuni, akasoma shule ya misheni, akaolewa Nshambya. Mwaka 1957 Chama hakikuwa na ofisi. Kilikuwa na chumba cha kuazima na ngoma ya kuitia watu. Siku moja mkalimani wa kiume alimezwa na aibu mbele ya umati, maneno yakamkauka. Kokushubila akanyanyuka kutoka walikokaa wanawake akaendelea pale mwenzake alipokwama. Mzee mmoja akamfokea kwa Kihaya kwamba mwanamke akae chini. Yeye akamgeukia mgeni aliyekuwa akihutubia na kumweleza kwa Kiswahili safi kwamba mzee yule anasema mwanamke akae chini. Mgeni akacheka, mzee akakaa, na kazi ikapatikana hivyo.

Alikuwa na mtindo wake. Alisimama kushoto kwa msemaji, mkono mmoja kiunoni, na msemaji akijisahau akahutubia mfululizo bila kumpa nafasi, alimvuta mkono wa koti. Mgeni mmoja mkubwa alivutwa hadi kifungo kikatoka. Mkutano ulipokwisha Mama, kama tunavyomwita, alikishona mwenyewe, huku akimweleza mgeni huyo kwamba hotuba ndefu ndiyo inayomaliza vifungo.

Kukosea alikosea pia, na anayependa kulisimulia kosa lake ni yeye mwenyewe. Baada ya Azimio la Arusha neno "wanyonyaji" lilikuwa bado jipya masikioni. Kwenye mkutano wa Ijuganyondo msemaji alinguruma kwamba wanyonyaji hawana nafasi ndani ya Chama. Mama, kwa haraka, akashika neno la Kihaya la mtoto anayenyonya maziwa ya mama yake. Wanawake wenye watoto wachanga wakatazamana, wakafunga mbeleko, wakaanza kuondoka kwa hasira. Bibi mmoja akauliza kama waliokwisha kuachishwa ziwa wanaruhusiwa kubaki. Ilibidi mkutano usimame mpaka Mama aeleze kwamba anayesemwa ni mtu anayekula jasho la mwenzake.

Sasa nafika mahali ambapo jarida la ofisi yetu huwa linakohoa kidogo na kuhamia kwenye habari za michezo. Leo halikohoi.

Wote tunaufahamu mwaka 1972. Ofisi yetu iligawanyika kati ya Mwenyekiti, Ndugu Ndyamukama, na Katibu, Ndugu Gamaliel. Katibu alitaka watu wa Izigo waache vibanja vyao na kuhamia kijiji kipya kando ya barabara, na alitaka mambo yaende mbio ili aonekane huko juu. Mwenyekiti alisema migomba na mibuni iliyopandwa na babu zao haihamishiki, na kwamba ujamaa unaweza kujengwa palepale watu walipo. Basi, pakawa na upande wa Katibu na upande wa Mwenyekiti. Chai ikachemshwa kwa mabirika mawili. Msibani watu wa ofisi moja walikaa pembe mbili tofauti. Wakatoliki na Walutheri wa mji huu walipatana mwaka ule kuliko sisi tuliokuwa na kadi za aina moja mfukoni.

Ujumbe kutoka mkoani ukaja Izigo kusikiliza shauri hilo. Uwanja ulijaa. Wakulima wengi wa pale walikuwa wazee wasiojua Kiswahili, na Katibu alilijua hilo vizuri sana. Alianza kwa kumwita Mwenyekiti mnyonyaji. Hapo Mama angeweza kulirudia kosa la Ijuganyondo, watu wakacheka na Katibu akaaibika. Hakufanya hivyo. Alilitafsiri tusi lile sawasawa, na Ndyamukama akalipokea mbele ya majirani zake.

Kisha Katibu akawageukia wageni na kusema kwamba wanachama wote wa Izigo wamekwisha kukubali kwa kauli moja Mwenyekiti aondolewe na vibanja viachwe. Akainama kidogo upande wa Mama na kumwambia, "Hiyo usitafsiri. Waambie wageni wanawasalimu."

Mama akaweka mkono kiunoni. Kwa Kihaya, kwa sauti ya kufika nyuma kabisa, akasema: "Katibu anawaambia wageni kwamba ninyi nyote mmekubali Mwenyekiti aondolewe na vibanja vyenu mviache. Tena anasema hiyo nisiwatafsirie. Tena wageni wanawasalimu."

Mzee Mushumbusi, ambaye kibanja chake kilikuwa cha kwanza kutakiwa kuachwa, akasimama polepole na kuuliza kwa adabu, "Mimi, waitu, nimekubali lini? Nilikuwa nimelala?" Mama akalitafsiri hilo nalo kwa Kiswahili, pamoja na kulala kwake. Mkuu wa ujumbe akamwomba Katibu akae. Akataka wanaokubali wanyooshe mikono. Mikono iliyonyooshwa ilikuwa ya watu waliokuja na gari la Katibu. Ndyamukama akabaki na kiti chake, na vibanja vya Izigo vikabaki na wenyewe. Vipo hadi leo, na matoke ya karamu hii ya kumuaga yametoka huko.

Msidhani alipigiwa makofi ofisini. Wiki iliyofuata aliondolewa jukwaani kwa kosa la utovu wa nidhamu, akapewa kazi ya kufagia na kuchemsha chai. Ilituuma, na wengi wetu tuliumia kimyakimya. Yeye alifagia vizuri, na chai aliichemsha kwa birika moja. La pili alilificha, na hadi sasa hajasema liko wapi.

Nafasi yake alipewa kijana Clavery, mwenye sauti nzuri na woga mwingi. Msemaji akihutubia kwa muda mrefu, Clavery alitoa sentensi moja: Chama kinawapenda. Watu wakazoea kumwuliza, kila anaponyamaza, "Na yale mengine?" Mkutano baada ya mkutano, Izigo na kwingineko, "Na yale mengine?" Mwishowe wasemaji wenyewe wakaogopa kupanda jukwaani, na Mama akaombwa arudi. Alikubali kwa sharti moja tu: litakalosemwa mbele ya watu, watu watalisikia lote.

Wapo wanaosema kwamba alikigawa Chama siku ile. Mimi, Protase Byabato, ninayechapa jarida hili na kuwasomea wasifu huu leo, nasema mgawanyiko tulikuwa nao tayari, ila tulikuwa tunaufanya kwa lugha ambayo wenye Chama hawakuielewa. Anayetaka kunihamishia kwenye ufagio anajua mezani kwangu ni wapi. Ufagio wenyewe umeachwa na mtu wa heshima.

Mama Kokushubila, tunakushukuru kwa sauti yako, kwa vifungo ulivyong'oa na kwa woga uliotuondolea. Nenda Izigo ukapumzike katika migomba uliyoisemea, na kila asubuhi yako huko iwe njema. Wageni wetu wengi leo wametoka vijijini, na mkalimani mwingine wa kuaminika hatuna, kwa hiyo wasifu huu utautafsiri mwenyewe. Tunakujua: utataka kuziruka sifa zako. Usiruke hata neno.

Na jambo la mwisho. Ndugu Gamaliel, ambaye bado ni Katibu wetu na ameketi hapo meza kuu, aliniagiza jana kwamba habari za Izigo zisisomwe mbele ya wageni. Hiyo, Mama, itafsiri.