Kutoka Hekta Hadi Kizibo: Miaka 34 ya Verediana Ngailo

"Mkulima hahitaji hesabu, anahitaji mbolea." Maneno haya aliyatamka mtaalamu mmoja mgeni kwenye semina ya Mbeya mwezi wa tatu, na ukumbi ukampigia makofi. Mimi sikupiga. Nilikuwa namtazama mwanamke aliyekaa safu ya pili akiandika namba pembeni ya ratiba. Huyo ndiye jibu kwa mtaalamu yule. Anaitwa Verediana Ngailo, afisa ugani, na anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu baada ya miaka thelathini na minne ya kazi.

Alianzia Ubaruku, kwenye mpunga. Kule, kama huku kwetu, ekari ni hatua sabini kwa hatua sabini. Kila mtu anajua hivyo, na hakuna anayeuliza ni hatua za nani. Mzee Sedekia, mtu mrefu wa kuinama kila mlangoni, alilalamika misimu mitatu kwamba mbegu ya ekari moja haimtoshi, akaanza kumshuku mkewe kuwa anaipunguza. Verediana hakubishana naye. Alitandaza tepu kwenye njia ya shamba, akamwomba atembee hatua kumi kama kawaida yake. Zikatoka mita kumi na nusu. Akachora ardhini kwa kijiti, akazidisha, akagawanya: ekari ya mzee ilikuwa ekari moja na theluthi.

"Mbegu haijaibiwa, mzee," akamwambia. "Ni miguu yako imezidi."

Mkewe akasema chakula cha mchana kipo, ila kitatanguliwa na msamaha. Msamaha ukaombwa mbele ya majirani.

Baadaye alihamia milima ya Mbeya, kwenye viazi, na miaka kumi na miwili iliyopita akaja kwetu Nyololo. Hapa ndipo nilipoona jambo ambalo hadi leo linanisisimua nikilikumbuka.

Mwaka ule kipeperushi cha mbolea ya kupandia mahindi kilikuja kimeandikwa kilo 125 kwa hekta. Sisi wa ofisi ya kilimo ya kata tulikisoma haraka haraka, tukatangaza kilo 125 kwa ekari, kwa sababu masikio yetu yamezoea ekari. Hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu. Kosa la neno moja, na mbolea ikazidi mara mbili na nusu. Verediana alikuwa likizo kwao Njombe.

Mama Bertha, mjane mwenye watoto wanne na ekari moja tu ya kuwalisha mwaka mzima, alipanda wa kwanza. Alitutii. Kila shimo alitia mbolea ya vizibo viwili na nusu vya soda, pale ambapo kimoja kingetosha. Siku ya kumi na mbili shamba lilikuwa tupu. Mbegu ziliungulia ardhini.

Verediana alirudi, akapiga goti, akafukua mstari mzima, akazipanga mbegu moja baada ya nyingine kwenye kanga. Mama Bertha alikuwa amesimama nyuma yake.

"Bibi shamba, nimewafuata nyie neno kwa neno."

"Umefuata sawasawa, mama," Verediana akajibu. "Tuliokosea ni sisi."

Sijawahi kumsikia mtumishi mwingine wa ofisi yoyote akisema sentensi hiyo mbele ya mwananchi.

Kisha akatoa mzani mdogo wa jikoni aliokuwa ameufunga kwenye kitenge. Akajaza vizibo kumi, akasawazisha kila kimoja kwa kidole, akapima vyote pamoja: gramu hamsini na sita. Kwa hiyo kimoja ni gramu tano na nusu hivi. Akapima kamba, sentimita sabini na tano kati ya mistari, sitini kati ya mashimo, akaifunga mafundo. Ekari moja, mashimo elfu tisa. Mfuko mmoja wa kilo hamsini ukigawanywa kwa mashimo elfu tisa unarudi kwenye kizibo kimoja kilichosawazishwa. Wanawake wa jumuiya, majirani wa Mama Bertha, walikuwa wamemzunguka hesabu ilipofunga. Shamba zima, mita za mraba elfu nne, lilikuwa limeingia kwenye kitu unachokishika kwa vidole viwili, bila kubaki wala kupungua.

Nimesoma vitabu vingi na nimebishana na watu wengi. Sijaona akili ikifanya kazi kwa uzuri kama ule.

Ilikuwa tarehe 14 Desemba, na mvua haimsubiri mtu. Jumuiya ilipanda upya kwa siku mbili, kando ya mistari ya zamani, mahindi ya muda mfupi. Mama Bertha alivuna magunia kumi na moja. Verediana aliyapima yote, maana gunia kwake si kipimo mpaka lipande mzanini. Watoto wanne walikula mwaka ule.

Bibi shamba, tunakushukuru. Uende Njombe ukapumzike, ulime bustani yako kwa afya na amani, na wajukuu wakuchoshe kwa furaha.

Ninyi wa ofisi ya wilaya sina salamu za kuwapa. Kipeperushi cha msimu ujao kiko mezani kwenu, nimekiona, na bado kimeandikwa kwa hekta peke yake. Msikichapishe. Andikeni ekari, andikeni idadi ya mashimo, andikeni kiasi cha shimo moja, halafu mmpelekee Mama Bertha akisome na kuwaambia ameelewa nini. Akisema hajaelewa, kiandikeni tena. Novemba haiko mbali, na yeye bado ana ekari ileile moja.