Historia ya Kinue Ideguchi, Aliyewafuata Askari wa Panya

Ndugu waombolezaji, mtamwia radhi msomaji wenu, Masuo, mdogo wa marehemu, maana amejitafutia riziki miaka arobaini kwa kuchekesha watu jukwaani Osaka, hajui kusoma sentensi bila kutua asubiri kicheko, na leo mkikaa kimya ataona ameharibu, kama kawaida yake.

Marehemu Dkt. Kinue Ideguchi alizaliwa tarehe 9 Machi 1954 hapa Fukue, visiwani Goto, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Ideguchi, mkausha samaki, na Mama Tomeyo, ambaye mnamwona hapa mbele. Alinyonya vizuri akanenepa, na tarehe 2 Desemba 1955 alipozaliwa huyu Masuo, akaligomea titi kwa kelele mpaka akalelewa kwa maziwa ya kopo, Kinue alirudishwa kifuani ili maziwa yasimwagike bure, akaendelea hadi alipotimiza miaka mitatu.

Alisoma hapa Fukue, mwaka 1972 akavuka maji kwenda chuo kikuu Kyoto, na Aprili 1978 akaajiriwa katika maabara ya panya, akafuatilia kirusi kinachotoka kwa panya mama kwenda kwa mtoto ndani ya maziwa. Aligundua jambo lililomnyima usingizi, kwamba chembe za kinga, wale askari wa mwili, hukipokea kirusi tumboni mwa mtoto, na badala ya kukiua hukibeba wenyewe hadi kwenye chuchu za mtoto huyohuyo, kikangoje kizazi kijacho. Alipozalisha panya wasio na askari, kirusi kiliishia njiani, lakini watoto wale walikufa kwa vumbi la kawaida, na miaka thelathini na mitano ya kutafuta njia ya katikati haikumpa hata mmoja aliyepona yote mawili.

Kila vuli maabara huwafanyia panya waliouawa ibada ya kuwaomba radhi mbele ya jiwe lao la kumbukumbu, na mwaka mmoja Masuo, akiwa mgeni, alimnong'oneza, "Dada, radhi hizi huwa mnawaomba kabla au baada?" Naye, akiwa ameinamisha kichwa, akamjibu, "Baada. Kabla huwa tuna kazi nyingi."

Tarehe 14 Mei 1983 alifunga ndoa na mwalimu Seiji, wakajaliwa binti mmoja, Chisato, Juni 1985, na kabla ya kujifungua alipima damu yake mwenyewe, akakuta kirusi cha ukoo mmoja na kile cha panya, ambacho wengi kisiwani hapa huishi nacho bila kukijua, basi Chisato akalelewa kwa kopo, ni mzima, na huku nyumbani tukaambiwa kwamba mama mtu hana maziwa.

Agosti 2021 tezi za shingo zilimvimba, ikaonekana ni kansa ya damu iletwayo na kirusi kilekile cha maziwa, askari wake wenyewe wamegeuka, dawa zikashindwa moja baada ya nyingine. Mama alivuka hadi hospitali ya Nagasaki na keki ya viazi vitamu, akakaa naye kitandani, akamuuliza, "Kinue, ni yale maziwa yangu?" Marehemu akamwambia, "Mama, mimi nawajua panya tu." Mama akaifunga keki upya, haikuliwa. Kinue alifariki tarehe 17 Novemba 2022, saa kumi alfajiri, na Jumatatu iliyofuata panya wake wa mwisho wakaondolewa, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwarithi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika tangu juzi, na wenzake wa maabara waliokuja na maua yaleyale wanayoweka kwenye jiwe la panya. Lala sasa, dada, umechoka.

Nawe Mama, uliyeagiza haya yote yasomwe, swali lako lilijibiwa kwa mzaha na mtaalamu, sasa lijibiwe kweli na mchekeshaji: ni maziwa, lakini yale aliyorudishiwa yalikuwa ya Masuo, akayagomea, dada yake akamnyonyea zamu yake.