Siku Niliyosema Tuko Watano

Mimi ni binti wa Mbaruku, mkata mkonge, na wa Mwanamkuu, mfinyanzi wa vyungu. Nilizaliwa Maramba, mwaka ambao hakuna aliyeuandika. Shule sikuiona. Haya anayaandika mjukuu wangu, binti wa binti yangu, naye atayasoma mbele yenu nami nikiwa nimeketi hapa hapa, ili kila neno litakapotoka mnitazame mimi, si yeye. Nimemkataza kuyapamba.

Jamaa zangu wa mtaa, mmeniita nishuhudie jinsi nyumba yangu ilivyonusurika na mafuriko. Nitashuhudia. Lakini mliyosimuliwa siyo yaliyotokea.

Marehemu mama alinifunza kwamba binadamu hahesabiwi kama kuku. Mtu akikuuliza mko wangapi, punguza mmoja, ili jicho baya lipotee njia. Wengi wenu mmelelewa hivyo, msiinamishe nyuso. Nami maisha yangu yote nilipunguza. Jambo lililonichukua miaka kuliona ni hili: niliyempunguza alikuwa mmoja yule yule.

Nina mwana wa kiume aliyezaliwa na miguu isiyombeba. Ni fundi wa redio, kazi yake huifanyia katika chumba cha uani, na mikono yake ina nguvu kushinda ya wachukuzi. Mwaka ule wa mafuriko, kabla ya masika, ndiye aliyesikia kwamba mvua kubwa zinakuja pwani yetu.

"Mama, safari hii wametaja na watu wa mabondeni," akaniambia.

Nikamjibu, "Redio zako zina maneno kushinda makungwi."

Juma lile lile akaja mjumbe na daftari. Alikuwa mgeni kwetu, amehamia kutoka Chumbageni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Kamati ya maafa inaandika watu wa kila nyumba, mvua ikizidi wajulikane walipo. Mko wangapi?"

"Watano."

"Na asiyeweza kutembea mwenyewe, yupo?"

Tulikuwa sita: mimi, binti yangu, watoto wake watatu, na mwanangu huyo. Pazia la chumba cha uani lilikuwa limeshushwa.

"Hayupo," nikasema. Mjumbe akaandika alichoambiwa.

Siku ya maji mimi nilikuwa mtaa wa Mabawa, msibani. Gari la kamati likaja na kipaza sauti, likapakia kwanza wanaotembea. Binti yangu aliwaambia kaka yake yumo ndani. Wakamjibu kwa upole, "Usihofu, dada. Wasiotembea wanafuatwa na gari la pili. Tunao kwenye orodha." Alikuwa na mtoto mgongoni na wawili mkononi, akaamini. Gari la pili likaifuata orodha kama lilivyoagizwa. Likapita mlangoni kwangu mara mbili bila kusimama.

Nilipofika shuleni, walikokusanywa watu, nilikuta nyumba yangu inasomwa. Wakaniona, wakanihesabu. "Watano. Wametimia." Mjukuu huyu anayeandika, wakati huo ana mapengo ya meno, akanivuta kanga.

"Bibi, mjomba je?"

Nilipiga mbio hadi lango la shule. Vijana wakanishika. Barabara ilikwisha kuwa mto, na gari halikuweza kurudi. Nikaketi kwenye ngazi nikisema, "Sita, sita, sita," na waliokuwa karibu wakadhani nimerukwa na akili.

Aliyemtoa mwanangu ni jirani yetu wa mkokoteni, ambaye hasikii. Kipaza sauti hakikumfaa kitu. Alijua kuna mafuriko maji yalipomfika magotini. Akiwa juu ya ukuta akitafuta pa kupita, aliliona bati la nyumba yangu linainuka na kushuka, linainuka na kushuka. Wenye masikio walipita chini ya bati hilo, na kishindo cha mvua kikafunika kugonga kwa mwanangu. Yeye aliona. Akalibandua bati, akamkuta mwanangu ananing'inia kwenye boriti, akajifunga naye mgongoni kwa kamba ya mkokoteni. Walifika shuleni wakati wa alasiri.

Mnajua kilichofuata, kwa maana mlikuwapo. Mkamshukia mjumbe kwamba amewasahau walemavu. Akafungua daftari lake mbele ya mkutano, akanitazama, akalifunga. Alinisitiri. Nami nikanyamaza, mkamtoa kwenye kamati. Tangu hapo kila mvua ikipiga bati nilisikia mtu analigonga kutoka ndani. Nasikia hadi leo.

Masika ya pili yakakaribia. Nilimpelekea mwanangu chai, naye akasema bila kuinua uso kwenye redio aliyokuwa akiitengeneza:

"Mama, siku ile ya daftari nilikuwa nyuma ya pazia."

Nikaiweka chai mezani.

"Ukasema watano. Nikatuhesabu, nikaona aliyezidi ni mimi. Gari lilipopita mara ya kwanza sikuita. Nilidhani ndivyo mlivyopatana."

"Na mara ya pili?"

"Mara ya pili maji yalikuwa kifuani. Niliita."

Jamaa zangu, nimezika mume na wazazi. Hakuna maneno yaliyonikata kama hayo. Chai ile haikupoa kabla sijafika kwa mjumbe. Nikamwambia, "Nimekuja kuhesabu upya."

Akasema, "Kaa kwanza, mama." Akaandika jina la mwanangu kwenye karatasi ya kupelekea kamati, kwa kuwa daftari alikwisha kunyang'anywa, kisha akauliza, "Mvua ikija, atahitaji nini?"

Miaka yote ile sikuwahi kumuuliza. Tukarudi pamoja, tukamuuliza mwenyewe.

"Ng'oeni mlango, mnilaze juu yake," akasema. "Watu wawili na mlango wanatosha. Wanne na kelele wataniangusha. Na jirani asiyesikia apewe mtu wa kumgusa bega, na bendera nyekundu ipandishwe juu ya mnara wa msikiti aione."

Leo mwanangu na jirani huyo wamo kwenye kamati, na mlango wangu umefungwa kwa bawaba za kuchomoa, ung'oke upesi. Masika yaliyopita, gari la kwanza liliwachukua wale tuliokuwa tukiwaita wa pili.

Nakushukuru, mtu wa mkokoteni. Mwanangu atakufasiria kwa mikono. Nawe mjumbe, uliaibishwa mbele ya watu kwa kosa langu, kwa hiyo nakuomba radhi mbele ya watu hao hao. Mrudisheni. Na nyinyi akina mama, kamati haitamwokoa mliyemficha. Mtajeni, kisha muulizeni.

Nawe mjukuu, ukishasoma, tunza lile bati lenye alama za kugongwa. Wanunuzi wa vyuma chakavu wasiliguse. Na siku mtakaponizika, msomaji wa wasifu akiuliza marehemu ameacha wangapi, usimpunguze mtu. Anza na mjomba wako, na umtaje kwa sauti.