Honi Inayojilia Yenyewe

KITINDA: Haloo? Nani mwenzangu?

MAMA: Ni mimi mama yako. Simu ya jirani hii, yangu haina salio.

KITINDA: Shikamoo, Mama! Sema haraka, niko gereji ya duka la magari, naitwa ndani.

MAMA: Marahaba. Limeharibika tena?

KITINDA: Tena! Si limetoka gereji jana tu? Leo nimesimama kwenye taa, honi ikajilia yenyewe. Mbele yangu trafiki! Nabonyeza inyamaze, kiti kinanisukuma kwenye usukani. Gari jipya, viti vya ngozi, limepagawa!

MAMA: Usitaje mambo hayo. Fundi anasemaje?

KITINDA: Yule? Mwongo yule! Eti kuna mtu anamwaga maji kwenye vitufe vya katikati ya viti, yanaingia kwenye nyaya za honi na kiti. Eti kila akibadilisha, anakuta vipya vimelowa. Nikamuuliza, kwani humo ndani kuna masika?

MAMA: Kitinda—

KITINDA: Nimempa vidonge vyake, Mama! Mbele ya bosi wake. Mwongo, mwizi wa vipuri. Meneja ananisubiri nithibitishe tu, anamfukuza leo hii.

MAMA: Uthibitishe nini?

KITINDA: Kwamba hilo gari haliguswi na mtu ila mimi.

MAMA: Usiseme hivyo.

KITINDA: Eh? Unakatika, Mama—

MAMA: Nasema usiseme! Yuko wapi huyo fundi?

KITINDA: Hapa nje, kwenye benchi. Kakumbatia begi lake la vifaa. Hata haniangalii.

(Mkwaruzo kwenye simu.)

KITINDA: Mama? Upo?

MAMA: Nipo. Gari likirudi kutoka gereji, unalilaza wapi?

KITINDA: Si hapo uani kwako? Funguo natundika kwenye msumari wa... Mama.

MAMA: Baba yako naye alitoka asubuhi anapiga mluzi. Gari lake halikuwa na hata mkwaruzo, na ajali ikamchukua siku hiyohiyo.

KITINDA: Najua, Mama.

MAMA: Basi likirudi tu, naingia naliombea. Nina kikombe changu cha maji, natia na chumvi kidogo. Namimina pale katikati, maana ndipo unapowekaga mkono.

KITINDA: Kila likirudi?

MAMA: Likiharibika nasema, maombi yangu hayajatosha. Naongeza.

KITINDA: Unaongeza!

MAMA: Usinicheke.

KITINDA: Sicheki, Mama. Na leo alfajiri?

MAMA: (Kwa sauti ndogo.) Leo nilijaza mpaka juu.

KITINDA: Mungu wangu. Na mimi nimemtukana mtu mzima mbele za watu—

MAMA: Dhambi ni yangu, ulimi ni wako. Tutagawana. Mpe simu nimwombe radhi.

KITINDA: Mama, meneja ananiita. Nitajua la kusema—

MAMA: Utajua kuzungukazunguka. Nakufahamu, nimekuzaa. Mpe simu! Jirani ananiashiria, salio linaisha.

KITINDA: Mama, ninaona haya.

MAMA: Na yeye je, hapo kwenye benchi?

(Hatua zinakaribia benchi.)

KITINDA: Fundi... samahani, kaka. Pokea hii. Ni mama yangu.

FUNDI: Haloo? Shikamoo, mama.

MAMA: Marahaba, baba. Pole sana, mwanangu. Yale maji uliyoyakuta, hukukosea, ni—

FUNDI: Haloo? Mama? Haloo? ... Imekata. Sasa, mama yako alikuwa anataka kuniambia nini kuhusu maji?