Bi Marlys Huuliza Mara Tatu

Tarehe 31 Mei, baada ya miaka thelathini na minne katika ofisi ya mikopo ya Chuo cha Nordahl, hapa Minnesota, Bi Marlys Tollefsrud anastaafu. Anatuachia meza safi, kiti kilichochoka na wanafunzi wanaojua walichotia saini.

Aliajiriwa kupiga chapa. Punde akawa mshauri wa mikopo, kazi inayochosha, maana kila anayeingia ana uso wa kulia. Kwake walitoka wakicheka. Somo lake lilikuwa moja, na alilitoa kwa kasi ya dalali: "Ruzuku ni ya bure, mwanangu, pokea. Kisha mkopo wa serikali kuu. Ule wa wenye uhitaji, riba wanakulipia wao ukiwa unasoma. Wa jimbo unataka mdhamini, na riba utailipa ungali darasani. Benki? Nenda ukishabisha hodi kwingine kote."

Lakini kuijua mikopo ni jambo moja, kuwajua watu wetu ni jingine. Kwetu ukikaribishwa kahawa unakataa. Ukikaribishwa tena, unakataa. Ya tatu ndiyo unapokea, tena kwa kujivuta. Kwa hiyo Bi Marlys alimuuliza kila mtu mara tatu. Kijana mmoja wa Chicago alikubali papo hapo. Bi Marlys akashtuka, akamuuliza mara mbili zaidi, kwa heshima tu.

Kisha ikaja kompyuta mpya inayouliza mara moja tu. "Hiyo mashine haina adabu," alimwambia mkuu wetu. Mkuu akacheka. Kufikia Agosti, familia nyingi za wafugaji zilikuwa zimeukataa mkopo wa serikali kuu, kwa adabu zao.

Mmojawapo alikuwa Verlyn Haugstad, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Alimwambia binti yake Britta akatae kwenye kompyuta, na Bi Marlys alipompigia simu, Verlyn mwenyewe akakataa: "Wapo wenye shida kuliko sisi." Huku nyuma alikuwa anajiandaa kuweka ng'ombe rehani benki. Britta hakutaka kupokea kitu bila neno la baba, wala hakutaka ng'ombe waende; akaamua kuacha chuo. Bi Marlys aliposikia hayo aliwasha gari, akamkuta Verlyn zizini akikamua.

"Baba Britta, nimekuja kukuuliza tena."

"Ah, usingejisumbua, mama. Njia yote hii!"

"Ndiyo hivyo, na sirudi na jibu lile lile. Hii ni ya tatu, usinitanie."

Verlyn akawatazama ng'ombe, akakuna kichwa. "Haya basi. Kama haikusumbui."

Leo Britta ni daktari wa mifugo, na zizi bado ni la baba yake. Mkuu naye aliirekebisha kompyuta: sasa inauliza mara tatu. Vyuo vya majimbo mengine hutucheka. Waache wacheke.

Bi Marlys, tunakushukuru kwa moyo wote, na tutakukosa sana. Mungu akujalie siha, samaki wengi ziwani na wajukuu wasiokopa hovyo.

Sasa kuhusu sherehe yako. Machi tulikuambia, ukasema tusijisumbue. Aprili tukarudia, ukasema pesa hizo tuwape wanafunzi. Tunakukaribisha ukumbini Ijumaa saa sita mchana. Viazi vya nyama vitakuwa kwenye oveni, na Verlyn analeta maziwa. Hii ni ya tatu, mama. Usitutanie.